Bundi wa Alfajiri na Bundi wa Jioni

1 Machi

Daftari hili ni la bundi. Nasema mapema, kwa sababu mke wangu amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, anasoma kila ninachoandika, na najua mwisho wake litageuka daftari la mambo ya nyumbani.

Mama wa maktaba anagawa fomu za kuhesabu bundi wadogo msimu huu wote wa mvua. Unasikiliza alfajiri, unasikiliza jioni, unajaza. Idadi, aina, wimbo ukoje, na chini kabisa, jina la msikilizaji. Kuna na karatasi ya maelezo. Kibundi madoa huimba akipanda, mluzi juu ya mluzi, kama mtu anayepanda ngazi mpaka pumzi zimwishie. Kibundi milia hapandi. Hupiga miluzi michache ya chini, sauti ile ile, basi. Wote ni wadogo kama ngumi, na giza likianza kuingia macho hayatakusaidia kitu. Ni sikio tu.

Kama ni sikio, basi wamefika penyewe. Mwaka wa thelathini na moja huu nasikiliza pampu za kituo cha maji. Naweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini kwenye sikio la kushoto, mkono wa kulia uko kwenye swichi, na pampu inanieleza yote: beringi imechoka, grisi imekauka, valvu inavuja. Sikio la kushoto ndilo sikio la kazi. La kulia ni la umbea.

"Huyo bundi wako mimi nimemsikia wiki nzima," anasema mke wangu. "Niandike na mimi."

Nimemjibu kwamba fomu ni ya watu wenye masikio. Ameondoka na chai yote.

3 Machi

Jioni, barazani. Ameimba! Anapanda kweli, ngazi kwa ngazi, mpaka juu kabisa. Kibundi madoa, hakuna ubishi. Ila sikumwona. Mimi natazama mti wa kulia, mke wangu ananyoosha kidole mti wa kushoto. Huyu mwanamke anabisha hata pasipo na ubishi.

4 Machi

Alfajiri, kitandani, dirisha wazi. Wapo watu wakisikia bundi wanafunga madirisha; mimi nafungua. Nimelala ubavu wa kulia, uso dirishani, kama nilivyolala tangu nioe, mke wangu akilalamika kwamba miaka yote hii anaujua mgongo wangu kuliko uso.

Huyu wa leo hapandi. Miluzi mitano ya chini, sauti moja, kimya. Nikasubiri. Tena mitano, kimya. Nimesoma karatasi mara mbili. Ni milia! Nyumba moja, bundi wa aina mbili. Nimefurahi mpaka nimekwenda kazini bila kofia.

5 Machi

Alfajiri milia, jioni madoa.

6 Machi

Vivyo hivyo.

9 Machi

Hakuna kitu. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi, yakaondoka bila kuaga.

11 Machi

Sasa mambo yameanza. Injinia wetu mpya, binti wa umri wa mwanangu wa pili, ameleta kisanduku cha kupima mtikisiko wa mashine. Unakibandika kwenye mota, kinakupa namba. Anataka tuachane na bisibisi.

"Mzee wangu, si kwamba sikuamini," aliniambia. "Lakini sikio halina kumbukumbu. Namba ninaweza kuilinganisha na ya mwezi uliopita."

Nikamwambia hilo sikio lilikuwa linafanya kazi hapa yeye hajaanza kutambaa. Mwisho tumekubaliana kwamba kisanduku kikae kabatini mpaka mvua ziishe, mimi niendelee na bisibisi, halafu tuone. Tutaona kweli.

Shemeji alikuwa mlangoni anacheka. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, mimi ndiye niliyemtafutia kazi hii. Mimi nashika zamu ya asubuhi, yeye ya mchana. Nikimaliza naandika kwenye daftari la zamu hali ya pampu zote tatu, natia sahihi, yeye anaendesha kwa neno langu.

"Shemeji," alisema, "hilo sikio lako litastaafu kabla yako."

14 Machi

Watu siku hizi wananong'ona. Muuza duka ananong'ona, karani wa kituo ananong'ona, mke wangu akiwa jikoni ananong'ona halafu anakasirika sikujibu. Sijui nani amewafundisha.

Shemeji kanishika mkono wakati wa kukabidhiana. "Pampu ya pili inapiga mluzi. Mwembamba sana, wa juu. Tangu juzi."

Nikachukua bisibisi, nikasikiliza dakika nzima. Mngurumo mzuri, laini, kama paka aliyeshiba. Nikamwambia aache kusikiliza nyimbo usiku kucha, ndizo zinazompigia miluzi kichwani. Nimeandika: Namba mbili, safi.

18 Machi

Karudia tena habari ya mluzi. Nimeandika tena: safi. Safari hii nimeipigia mstari chini.

20 Machi

Leo nimepeleka fomu ya kwanza maktaba. Alfajiri: kibundi milia mmoja, miluzi mitano, haipandi. Jioni: kibundi madoa mmoja, anapanda. Siku kumi na sita, ukitoa ile moja ya mawingu, bila kukosea. Mama wa maktaba ameisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Wote wawili kwenye kiwanja kimoja? Hii sijawahi kuipata. Una hakika?"

"Mama, mimi kazi yangu ni kusikia."

Amegonga muhuri wa tarehe, nakala moja kanipa. Kasema mvua zikipungua atakuja mwenyewe kuwasikia. Nimeibandika nakala humu ndani ya daftari, kurasa mbili nyuma, mtu asije akasema nimeota.

Mke wangu: "Ni bundi mmoja, Baba watoto. Asubuhi na jioni ni yule yule."

Nimemwomba kwa heshima zote arudi kwenye sufuria zake.

24 Machi

Mvua, hatimaye. Kubwa. Bundi kimya.

25 Machi

Mvua.

29 Machi

Mvua. Bati la juu ya kitanda limeanza kulia tone moja moja. Milia kaimba kidogo kabla ya jua, mitano kama kawaida yake. Nimeshamzoea. Mwenzake wa jioni ana majivuno, anapanda juu na juu mpaka unatamani ateleze. Huyu wa alfajiri anasema neno lake anaondoka. Kama ni mtu ningemwajiri.

2 Aprili

Pampu ya pili imekufa.

Saa kumi jioni, zamu ya shemeji. Beringi imekamata, shafti imekatika, mota imeungua. Moshi ulionekana mpaka barabarani. Nusu ya mitaa haina maji, na zahanati imo kwenye nusu hiyo.

Nilikimbia kituoni na kandambili. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono myeusi, hatazami mtu.

"Nilikwambia," alisema.

Mbele ya Injinia! Mbele ya mafundi wote! Nikamjibu kwamba mimi saa tisa nimeikabidhi safi, imeandikwa, imetiwa sahihi. Kilichotokea baada ya saa tisa aulizwe aliyekuwepo. Sauti yangu ilikuwa kubwa. Hakuna aliyenijibu, au kama alinijibu, alinong'ona.

4 Aprili

Watu wanapita na ndoo toka asubuhi. Kuna mama kaniuliza njiani, "Nyie wa maji, mnalala?" Nimepita upande mwingine wa barabara.

5 Aprili

Shemeji amesimamishwa kazi. Uzembe, barua inasema: hakukagua, hakutia grisi, hakuzima mapema. Kamati itakaa tarehe ishirini na mbili kuamua kama anafukuzwa. Ana watoto wanne.

Injinia aliniita, akanionyesha daftari la zamu. Safi. Safi. Safi iliyopigwa mstari. "Yeye anadai alikuonya mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa. Kweli alikuonya?"

Nikasema alizungumzia mluzi ambao haukuwepo. Na ndiyo kweli yenyewe: niliusikiliza, haukuwepo.

Mke wangu ananihudumia chakula, ananifulia, haniongeleshi. Nyumba ina ukimya hadi nasikia saa ya ukutani. Kwa kweli saa ya ukutani siisikii, nadhani betri imekwisha.

8 Aprili

Nimebadilisha betri. Bado siisikii, ila mshale unatembea. Saa mbovu.

12 Aprili

Mvua ya usiku wa jana imeshusha maji moja kwa moja kwenye mito yetu ya kulalia. Tumegeuza kitanda, kichwani kumekuwa miguuni. Kazi yote tumeifanya watu wawili bila neno hata moja, ananionyesha kwa kidevu: inua, sukuma, weka.

13 Aprili

Ajabu. Alfajiri ya leo, dirisha lile lile, saa ile ile, kaimba madoa. Kapanda mpaka juu. Milia hakutokea.

14 Aprili

Madoa tena. Milia hayupo.

15 Aprili

Sasa nimeelewa: yule mwenye majivuno kamfukuza mwenzake. Imeniuma, sijui kwa nini imeniuma hivi. Mtu anakaa kwake, anasema maneno yake matano, hamsumbui yeyote, anakuja mpanda ngazi mmoja anamwondoa. Nimegombana na muuza duka kwa sababu ya kiberiti.

19 Aprili

Leo nitaandika polepole.

Alfajiri nimesema kwa sauti, bila kumlenga mtu, "Maskini, wamemfukuza."

Mke wangu siku kumi na nne hakuwa amenisemesha. Akauliza, "Nani kafukuzwa?"

"Wa alfajiri. Milia. Tangu tugeuze kitanda hajaimba."

Akakaa kitandani. "Tangu tugeuze kitanda?"

"Ndiyo."

"Baba watoto, geukia ukutani."

Mimi hulala uso dirishani, nimeshasema. Zamani nikitazama dirisha nililalia ubavu wa kulia. Kitanda kilipogeuzwa, kulitazama dirisha lile lile ni lazima nilalie wa kushoto. Hilo sikuwa nimeliwaza. Nani anawaza analalia ubavu gani?

Nikageukia ukutani, sikio la kulia likazama kwenye mto. Bundi akaimba. Miluzi mitano, ya chini, kimya.

"Karudi!" nikasema.

"Bado anaimba," akasema mke wangu.

"Ameacha."

"Hajaacha. Sikiliza. Bado anaimba."

Nikainua kichwa. Na ndiyo, alikuwa bado anaimba, alikuwa katikati ya ngazi. Nikarudisha kichwa kwenye mto: kimya. Nikainua: anaimba. Nimegeuka na kugeuka kama samaki kwenye kikaango, mke wangu ameshika mdomo. Ubavu wa kushoto, madoa. Ubavu wa kulia, milia. Jua limechomoza mimi bado nageuka.

Hapajawahi kuwa na milia. Wiki sita nimemwandikia, nimempenda, nimemlilia, na alikuwa ni uziwi wangu mwenyewe umekaa dirishani.

Ni sikio la kushoto. Sikio la kazi. Lile nililolibandikia bisibisi kila siku ya Mungu miaka thelathini na moja, mota zikilipigia kelele moja kwa moja ndani ya mfupa. Sauti za chini linazipata bado. Ndiyo maana pampu zote kwangu zinanguruma vizuri. Za juu zimekwenda, na mluzi wa beringi inayokufa ni wa juu. Shemeji aliusikia kwa masikio matupu, amesimama mlangoni. Mimi nimebandika sikio juu yake nikaandika safi.

Na la umbea ndilo limebaki zima! Ningecheka kama ingekuwa ni mtu mwingine.

Mke wangu hakusema nilikwambia. Nilimsubiri aseme. Alikwenda kuwasha jiko, na kutoka huko akasema, nikiwa nimemgeuzia la kulia, "Kamati ni Jumanne."

20 Aprili

Nikisema, shemeji anapona, mimi natoka kwenye mashine. Sijui kazi nyingine. Nikinyamaza, daftari la zamu linanilinda, limeandikwa kwa mkono wangu na limetiwa sahihi. Hakuna anayejua ila mke wangu, na yeye hatasema. Nimemjua vya kutosha. Atanipikia, atanifulia, atanyamaza mpaka tunazikwa.

Nimekwenda mpaka mlango wa shemeji, mtoto wake mdogo akanifungulia, nikamwambia nimepotea njia. Mtoto ananijua tangu azaliwe.

21 Aprili

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hakuna pa kuliandika pengine.

22 Aprili

Nimeingia ofisini kwa Injinia nusu saa kabla ya kamati. Nikamwambia: sikio langu la kushoto halisikii sauti za juu, shemeji alinionya mara mbili, mluzi ulikuwepo, kosa ni langu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Akaegemea kiti, akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi.

"Mzee, wote tunajua ni shemeji yako. Ana watoto wanne wa kuwalisha. Ningekuwa wewe labda ningesema hivyo hivyo. Lakini kamati wataniambia mmepanga jana usiku mezani. Wewe unakaribia kustaafu, huna cha kupoteza. Unajitwika kosa, kijana anabaki na kazi."

Huna cha kupoteza! Nusura nitoke. Nilikuwa nimeshika mlango. Miaka thelathini na moja nilitaka niaminiwe nasikia, na leo nasema sisikii, siaminiwi!

Nikarudi, nikaweka daftari hili mezani.

"Ni nini?"

"Bundi."

"Mzee, kamati ni saa nne."

"Soma tarehe nne ya mwezi wa tatu. Halafu tarehe kumi na tatu ya mwezi wa nne. Halafu kumi na tisa."

Akasoma. Akarudi nyuma. Akasoma ile fomu yenye muhuri wa maktaba, tarehe ishirini Machi, bundi wawili, pampu ikiwa bado nzima na hakuna mtu mwenye sababu ya kudanganya kuhusu bundi wala kuhusu chochote. Nilimwona anaweka kidole kwenye "miluzi mitano, haipandi" na kidole kingine kwenye tarehe kumi na nne, mluzi wa shemeji, na "paka aliyeshiba." Nilitamani ardhi ipasuke. Amesoma pia pale nilipomwita binti, na pale pa kutambaa.

Alifunga daftari, akaliweka mapajani.

"Sikio lina kumbukumbu kumbe," alisema. Alisema polepole, upande wangu wa kulia.

Akalichukua kwenye kamati. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje, na kwa mara ya kwanza nimeangalia sikio gani liko upande wa mlango.

23 Aprili

Shemeji amerudishwa. Barua imefutwa. Kisanduku kimetolewa kabatini.

Mimi nimepelekwa dirisha la malalamiko, pale watu wanapokuja kutupigia kelele kuhusu maji. Injinia anasema ni mpaka nistaafu, na kwamba atanipeleka nikapimwe. Nimegeuza kiti ili sikio la umbea liwe upande wa watu. Leo peke yake nimesikiliza watu arobaini na watatu, wote wamekasirika, na wa tatu alikuwa yule mama wa "mnalala?". Nikamwambia ndiyo, mama, nilikuwa nimelala, tena ubavu mbaya. Hakuelewa, lakini alipunguza sauti.

27 Aprili

Shemeji kaja kula na watoto wake. Akapita nyuma yangu, akainama kwenye sikio la kushoto, akasema kitu. Mke wangu akacheka mpaka akaweka sahani chini. Watoto wakacheka. Nikacheka na mimi, wa mwisho. Nimewauliza alisema nini, wamekataa wote kuniambia. Ni haki yake. Lakini nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka niambiwe.

30 Aprili

Mvua ndogo ndogo. Mama wa maktaba amekuja jioni kuwasikia bundi wawili. Ilibidi nimweleze, mtu mzima mimi, barazani kwangu. Hakucheka. Kanipa fomu mpya, kasema ya zamani ataitunza na maelezo yake, maana na yenyewe ni kitu alichosikia mtu.

3 Mei

Bati limezibwa. Tumekirudisha kitanda kama zamani.

4 Mei

Alfajiri. Nimelalia ubavu wa kulia, kwa mazoea, na sikugeuka. Akaja, miluzi mitano, na kwangu akaishia hapo, kama rafiki yangu wa Machi. Nikamwambia mke wangu ahesabu. Akaweka kidole mgongoni mwangu, akawa anagonga: sita, saba, nane. Nilikuwa kwenye kimya kabisa na kidole kinaendelea. Kumi na moja. Kumi na mbili. Nikasema sasa basi, imetosha. Kidole kikagonga kumi na tatu, kumi na nne, halafu kikatulia.

Nimejaza fomu mpya kabla ya chai. Idadi: mmoja. Aina: kibundi madoa. Wimbo: unapanda, miluzi kumi na minne. Chini kabisa, penye jina la msikilizaji, nimeandika jina la mke wangu.